Miguu ya Pijo: Jinsi ya Kuchagua Bushi, Shokapu na Springi za Gari la Zamani

Peugeot 504 ikikata kona hulala. Hulala sana, kiasi kwamba anayekufuata anaweza kudhani unapinduka, kumbe tairi zote nne zimeshika lami barabara. Huo si ugonjwa. Gari hili lilitoka mwaka 1968, na waliolibuni walitaka springi laini na gurudumu lenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Kwa tabia hiyohiyo Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978 akiwa na ile kupe ya V6. Anayetaka kuliboresha kwa matumizi ya barabara za kila siku aanze kwa kuheshimu jambo hilo. Wengi huanza kwa kulishusha na kulikaza, na mwisho wanabaki na gari linalorukaruka kwenye mashimo na kukwaruza tumbo kwenye kila tuta.

Hapa nazungumzia saluni ambazo magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea. Stesheni wagoni, pikapu na baadhi ya saluni za bei nafuu zina ekseli nzima nyuma, na habari zake ni nyingine.

Gari la zamani likianza kuyumba, shokapu ndiyo inayolaumiwa kwanza. Mara nyingi mkosaji ni bushi. Inua gari kwa jeki, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na chesi, kisha kandamiza. Raba nzima inakubali kidogo halafu inarudi mahali pake. Raba iliyokufa inaachia, na utasikia chuma kikigonga chuma. Ukishafika hapo, hakuna shokapu itakayokusaidia, kwa sababu gurudumu lenyewe halijui lielekee wapi. Kagua boljointi na tairodi siku hiyohiyo, maana nazo huchoka pamoja.

Bushi nzuri unaijua kwa ukucha. Pitisha ukucha pale raba inapokutana na bomba la chuma, ndani na nje. Raba iwe imeshikana na chuma kabisa, bila ufa wala ukingo unaoinuka. Ukinunua Kirinyaga Road, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, utaletewa na zile zilizochongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Zinabeba uzito, ni kweli, lakini hazijaungana na chuma. Mkono ukipanda na kushuka raba inazunguka ndani ya tundu na kujisaga, na baada ya muda mfupi umerudi kulekule. Kuna pia za plastiki ngumu ya poliyurethani, zinazosifiwa na vijana wa mashindano. Kwenye stabilaiza zinafaa. Kwenye mikono ya nyuma ya gari la mtaani nazikataa: zinapeleka kila mtikisiko kwenye bodi lenye umri wa miaka hamsini, na vumbi likiingia zinalia.

Kufunga bushi ni kazi yenye siri moja ambayo mafundi wengi wana haraka mno kuizingatia. Bolti zake hukazwa mara ya mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake na kubeba uzito wake. Ukizikaza miguu ikiwa inaning'inia juu ya jeki, raba inashikwa katika mkao usio wake. Gari likishushwa inajipinda, na inabaki imejipinda maisha yake yote mpaka ichanike. Simama hapo mpaka umeona kwa macho yako.

Sasa shokapu, na hapa ndipo fedha yako inapoweza kununua mabadiliko makubwa kuliko popote pengine. Kazi yake ni kutuliza springi. Gari lenye shokapu nzuri likipita kwenye tuta linapanda mara moja, linashuka mara moja na kutulia. Kwenye kona litalala kama zamani, ila litalala polepole na kwa kipimo, na dereva atakuwa na muda wa kujua linakwenda wapi. Mimi hulipima gari kwa hilo, wala sijali limelala kiasi gani.

Dukani, omba shokapu mbili za upande wa kushoto na kulia, uzijaribu pamoja. Isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, ivute na kuibonyeza mara tatu au nne kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa shokapu ya mabomba mawili ikilazwa kwenye rafu hewa huingia kwenye oili. Baada ya hapo vuta taratibu. Ugumu uwe uleule toka mwanzo mpaka mwisho. Ukikuta mahali mkono unapita bure, irudishe. Kwa magari ya enzi hizi kuvuta huwa kugumu kuliko kubonyeza, kwa sababu kazi kubwa ni kuizuia springi isifyatuke baada ya kubanwa. Ile ya gesi ukiiachia itajitokeza yenyewe polepole. Kisha itazame fimbo: iwe inang'aa kama kioo, bila mstari wala doa la kutu, maana mkwaruzo mdogo tu utaikata sili na oili itaanza kuvuja. Kulia na kushoto zikitofautiana mkononi, zitatofautiana na barabarani.

Pima pia urefu. Shokapu iliyobanwa mpaka mwisho isiwe ndefu kuliko ya asili ikiwa imebanwa, la sivyo itafika kikomo kabla gurudumu halijagusa raba ya kuzuia, na shimo la kwanza kubwa litavunja vali zake. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu akate zile raba za kuzuia ili gari lishuke zaidi.

Peugeot walikuwa wakitengeneza shokapu zao wenyewe, na zilikuwa bora sana. Ukikutana na za kiwanda ambazo hazijawahi kutumika, furahi kwa uangalifu: sili iliyokaa kwenye boksi miongo kadhaa hukauka. Koni wa Uholanzi, kampuni iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya farasi, wanasifika kwa shokapu zinazorekebishika. Ile ya kawaida unaifungua, unaibonyeza mpaka mwisho, unaizungusha ili iongeze ukinzani. Anza na kipimo laini kabisa. Bilstein wa Ujerumani ndio wenye jina katika zile za gesi zenye bomba moja. Ni kali zaidi, zinastahimili joto la safari ndefu ya barabara mbovu, ila kwenye mwendo wa pole mjini utazihisi kiunoni.

Springi ziguse mwisho, tena kidogo. Zipange mezani uzilinganishe urefu: zilizochoka hufupika, na mara nyingi ya upande wa dereva ndiyo hutangulia. Mpya zikiwa ngumu zaidi ya za asili kwa asilimia kumi hadi kumi na tano, inatosha. Springi iliyokatwa kwa msumeno inakuwa fupi na ngumu kwa wakati mmoja: yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu unapanda kwa takriban asilimia kumi na nne, na ncha yake haikai tena sawasawa kwenye kikombe. Iliyochomwa kwa gesi ili ilegee imeshakufa.

Kuhusu kushusha gari, milimita ishirini ndiyo mwisho wangu. Mbele kuna miguu ya aina ya MacPherson. Ukiishusha sana, mkono wa chini unaelekea juu upande wa gurudumu, na gari linapata hamu zaidi ya kulala hata kama linaonekana fupi. Nyuma mikono imekaa mshazari, hivyo tairi zinaingia ndani juu na kulika upande wa ndani. Unalipia uzuri wa macho kwa tairi.

Stabilaiza nene ni dawa yenye nguvu, kwa hiyo ipimwe. Ugumu wake hupanda haraka kuliko unene: kutoka milimita 20 kwenda 22 umeongeza karibu asilimia 46. Ikizidi mbele, pua inakataa kugeuka; ikizidi nyuma, mkia unatoka, hasa lami ikiwa na maji. Tairi za 175 R14 zenye ukuta wa kawaida zinatosha kabisa, mradi ziwe mpya na alaimenti ipigwe baada ya kazi yote, siyo kabla.

Fuata mpangilio huo: bushi, boljointi na tairi, kisha shokapu, na baada ya hapo endesha gari miezi kadhaa kabla ya kununua kingine chochote. Wenye 504 wengi wataona hawahitaji zaidi. Na fundi anayekuuzia springi za kushusha gari kabla hajaingia chini yake na mtaimbo, usimpe fedha yako.