Mfuo Chini ya Dirisha

Chumba changu hapa Tanga kina dirisha la mvule lenye mabawa mawili yanayofunguka kwa nje. Linatazama huko huko kusi inakotoka. Masika ya kwanza maji yaliingia hadi kitandani. Nikanunua silikoni, nikaziba kila mwanya niliouona. Mvua zilipokatika nikataka hewa. Dirisha halikufunguka, na maji yalikuwa yamepita vilevile.

Fundi seremala niliyemwita hakugusa randa. "Mwalimu, niletee birika la maji." Akatoka nje, akamimina polepole juu ya kizingiti cha dirisha, kisha akachuchumaa kutazama chini yake. Nami nikachuchumaa. Maji yalifika ukingoni, lakini badala ya kudondoka yakageuka, yakatambaa kwa chini huku yameing'ang'ania mbao, yakarudi mpaka ukutani. Muda wote nilikuwa nikiziba juu!

Akachonga mfuo chini ya kizingiti, karibu na ukingo wa mbele, upana wa penseli, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Akamimina tena. Tone lilitambaa, likafika penye mfuo, likashindwa kuupanda, likanenepa, likaanguka. Nimeishi miaka mingi chini ya madirisha bila kujua kwamba yana tumbo, na kwamba tumboni ndiko ustadi ulikojificha.

Nilimwuliza kama si afadhali dirisha lifunguke kwa ndani. Akakataa. Bawa la nje likifungwa, upepo wenyewe hulisukuma likabane fremu; kadiri kusi inavyovuma ndivyo linavyokaza. Hatari yake ni likiwa wazi, ndiyo maana akalitia kulabu mbili madhubuti. Bawaba akataka za shaba, na skurubu za shaba vilevile, maana ya chuma ikikaa ndani ya shaba penye hewa ya chumvi huliwa upesi.

Kilichonishangaza zaidi ni alichokataa kufanya. Bawa moja lilikuwa limevimba, linakwaruza. Nikamwomba alirande. "Sasa hivi mbao imeshiba maji. Nikiirandia masika, kaskazi itakuachia mwanya wa kupitisha kidole." Akaondoka na ujira nusu, akarudi Januari. Akaliranda kidogo tu, akalitoa bawaba, akaligeuza kichwa chini na kupaka rangi ule ukingo wa chini ambao hakuna mgeni atakayeuona. Hapo, alisema, ndipo nyuzi zilizokatwa hunywa maji kama mirija. Mafundi wengi hupaka dirisha likiwa limesimama, brashi isifike.

Mvua ya kwanza ya Machi ilipopiga, nilitoka na mwavuli, nikachuchumaa chini ya dirisha langu kama mwizi. Jirani akaniuliza nimepoteza nini. Sikumjibu, tone lilikuwa limefika kwenye mfuo, linanenepa.