Sura Moja, Wana Watatu

Katika jumba la makumbusho la Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, limewekwa fuvu linaloaminika kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejipiga risasi ili asikamatwe na Wajerumani. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining wa Tanganyika alilitafuta Bremen, Ujerumani, katika mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000. Vipimo vikalinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, likachaguliwa lenye tundu la risasi. Mwaka uliofuata likarudishwa Uheheni. Kila nikisimama mbele yake huukumbuka mchezo wa A Number wa Caryl Churchill, kwa kuwa nao unahoji kufanana kwa damu kunamtambulisha mtu hadi wapi.

Mchezo huo ulianza kuonyeshwa London mwaka 2002, kondoo Dolly, aliyetengenezwa kuwa nakala ya kondoo mwingine, akiwa bado hai kule Uskoti. Salter alimtoa mwanawe mdogo, akaagiza atengenezewe mwingine aliye nakala yake. Wataalamu wakatengeneza wengi zaidi bila kumwambia. Yote huisha kwa takribani saa moja, na waigizaji ni wawili tu: mmoja baba, wa pili wana watatu.

Kazi ya huyo wa pili ndiyo ninayoistahi. Ndevu za bandia hazimfai, maana sura lazima ibaki ileile. Bernard wa kwanza, aliyetupwa, ana hasira. Nakala yake, Bernard aliyelelewa vizuri, ana woga. Michael, nakala nyingine, mwalimu wa hisabati mwenye mke na watoto watatu, ameridhika na maisha. Mwigizaji hodari huanzia kwenye pumzi. Mwenye woga huvuta hewa juujuu na kuiacha sentensi njiani. Mwenye hasira hutulia, akamwacha baba ajikwae katika uongo wake mwenyewe. Watazamaji wanajua ni nani aliyeingia kabla hajafumbua mdomo. Sisi tuliokulia kwenye ngano za jioni tumemwona bibi, bila kunyanyuka kigodani, akiwa fisi, sungura na mfalme. Lakini fisi na sungura kila mmoja ana sauti yake; ndugu hawa wana koo moja, na hapo ndipo penye ugumu.

Mwaka 2006 Timothy West na mwanawe wa kuzaa, Samuel, waliucheza pamoja mjini Sheffield. Uteuzi huo naupenda sana: ufanano ulikuwapo tayari, ikabaki kuwatenganisha wana.

Mwishoni Salter, ambaye wanawe wawili wamekwisha kufa, anamwomba Michael amwambie jambo la ndani, lililo lake peke yake. Michael anataja vitu vidogo, hata anavyoyapenda masikio ya mkewe. Watu hucheka. Mwigizaji akiharakisha, kicheko humfunika baba. Akisema taratibu, kwa furaha ya kweli, watu hucheka huku macho yao yako kwa Salter. Kicheko cha namna hiyo hupatikana kwa mwigizaji anayekubali kuwa mtu wa kawaida kabisa mbele ya baba anayedai muujiza.