Nani Mwajiri? Uhakiki wa Kifungu cha 128 cha Sheria ya Kazi ya Namibia

Tunapochambua sheria yoyote ya kazi hatuna budi kuanza na swali moja: ni nani mwajiri? Kwa mtazamo wa kijamaa mwajiri si lazima awe yule aliyetia sahihi mkataba. Mwajiri ni yule anayechuma jasho la mfanyakazi. Makala hii inakihakiki Kifungu cha 128 cha Sheria ya Kazi ya Namibia ya mwaka 2007, pamoja na kile kilichowekwa mahali pake mwaka 2012, kwa kipimo hicho.

Kwanza, chimbuko la suala lenyewe. Chini ya utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini, wanaume wa kaskazini ya Namibia waliandikishwa na shirika la SWANLA, lililoundwa mwaka 1943, wakapelekwa migodini, mashambani na viwandani. Walipimwa afya, wakapangwa kwa madaraja, wakakaa mwaka mzima au zaidi mbali na wake na watoto wao, ambao hawakuruhusiwa kuwafuata. Sisi Watanzania tuliwajua watu wa namna hiyo kwa jina la manamba, na wenye mashamba ya mkonge walikuwa na SILABU yao ya kuwaandikisha. Tarehe 13 Desemba 1971 wafanyakazi wa mkataba wa Windhoek waligoma. Kufikia Januari 1972 zaidi ya 13,000 nchini walikuwa wameacha kazi. SWANLA ikavunjwa. Lakini kazi ya mkataba haikufa. Ilihamishiwa katika ofisi nyingine. Dalali aliondoka, unyonyaji ukabaki.

Pili, baada ya uhuru wa mwaka 1990 dalali alirudi kwa sura mpya, yaani kampuni ya kukodisha wafanyakazi. Mtu aliweza kufanya kazi kiwandani miaka mingi, kwa mashine ile ile na chini ya msimamizi yule yule, lakini kwenye makaratasi akawa mtu wa wakala. Mwenzake aliyeajiriwa moja kwa moja alikuwa na likizo ya malipo, matibabu na akiba ya uzeeni. Yeye alikuwa na ujira tu, nao umekwisha kumegwa na wakala. Kwa watu waliowahi kuonja mkataba wa SWANLA, hayo hayakuwa mageni. Ndiyo maana Bunge, lenye wingi wa viti vya SWAPO, lilipitisha Kifungu cha 128 na kuipiga marufuku biashara hiyo.

Kampuni ya Africa Personnel Services ilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliyakataa madai yake mwaka 2008, lakini Desemba 2009 Mahakama ya Juu ilikitengua kifungu hicho. Ilisema kwamba Katiba, Ibara ya 21, inampa kila mtu uhuru wa kufanya biashara, na kwamba marufuku hiyo ilikuwa pana kupita kiasi kilichohitajika.

Wako waliosema kuwa mahakama imewatumikia mabepari. Ni kweli kwamba uhuru uliotetewa hapo ulikuwa uhuru wa kuchuuza nguvu za watu. Lakini kuishia katika kuilaani mahakama ni uvivu wa fikra. Kifungu chenyewe kilikuwa na kasoro ya kinadharia: kilimlenga dalali, kikamwacha mwenye kiwanda. Kilirudia kosa la mwaka 1972.

Marekebisho ya mwaka 2012 yaliligeuza suala hilo juu chini. Wakala aliruhusiwa kutafutia watu kazi, lakini mtu aliyepelekwa na wakala kwenye shirika akahesabiwa kuwa mwajiriwa wa shirika hilo, na masharti yake yasiwe duni kuliko ya mfanyakazi wa kudumu afanyaye kazi ile ile au inayofanana nayo. Hapa sheria ilimshika mwenye mali mwenyewe. Faida ya kuwatenga watu kwa makaratasi ikapungua, kwa maana wajibu ulifuata jasho.

Hata hivyo hatupaswi kulewa ushindi huo. Kuna udhaifu wa aina mbili. Usawa unadai awepo mtu wa kulinganishwa naye. Mwajiri mjanja anaweza kuitoa kazi nzima kwa zabuni, kama vile ulinzi, usafi au upakizi, asibaki mfanyakazi wa kudumu hata mmoja katika kazi hiyo. Mfagiaji atalinganishwa na nani? Tena, haki hudaiwa, na mtu anayehofu kuwa mkataba wake hautaandikwa upya hadai. Sheria haiwezi kumwondolea hofu hiyo. Chama cha wafanyakazi kinaweza. Mfanyakazi wa kudumu anayemdharau mwenzake wa mkataba anajidanganya, kwa sababu unyonge wa huyo mwenzake ndiyo fimbo atakayochapwa nayo yeye siku ya kudai nyongeza ya mshahara.

Suala hili si la Wanamibia peke yao. Kwetu, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika Kifungu cha 61, iliweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa, kwa mfano, saa zake za kazi hupangwa na yule anayemfanyia kazi, au hupewa naye vifaa, au humtegemea kwa kipato. Ni silaha nzuri, lakini silaha iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Kwa hiyo kila kada aliye mahali pa kazi na aulize: Nani anapanga saa? Vifaa ni vya nani? Faida inakwenda kwa nani? Jibu likiwa moja kwa maswali yote matatu, mwajiri amekwisha kujulikana, hata kama jina lake halimo katika mkataba. Kinachobaki ni kuwaunganisha wa kudumu na wa mkataba katika chama kimoja, wamdai kwa sauti moja.