Nyumba Iliyokwisha Kuyaona Maji

Anayenunua nyumba kuukuu katika viunga vya Garsen, au katika vijiji vya kando ya Mto Tana kama Golbanti, Ngao na Idsowe, hununua vitu vitatu kwa bei moja: kuta, mahali na watu. Wengi hukagua kuta peke yake. Hutazama mabati kama yameshika kutu, huhesabu vyumba, hufungua mlango na kuufunga, kisha hukaa na mwenye nyumba kupatana bei. Hao wameanzia mwisho. Kukagua nyumba ni ufundi wa kusoma mahali, kuta zikiwa ushahidi. Na kwa kazi hiyo nyumba ya zamani inafaa kuliko mpya, kwa kuwa imekwisha kupitia mitihani ambayo mpya haijaiona. Nyumba iliyojengwa mwaka jana ina ahadi ya fundi tu. Ile iliyosimama tangu kabla ya El Niño ya 1997 ina majibu, na anayejua kuyatafuta atayapata hata kama muuzaji amenyamaza.

Jibu la kwanza ni la maji, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mamia ya kilomita kutoka Garsen. Mvua ya Garsen yenyewe ni haba. Mafuriko basi huweza kufika jua likiwaka na anga ni nyeupe, kwa sababu mvua ilinyesha juu huko siku kadhaa nyuma, ama bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, limejaa na kumwaga. Mnunuzi anayekuja Januari huikuta ardhi imepasuka, vumbi limetanda na mto umelala ndani ya kingo zake. Akiuliza, "Mvua huwa kubwa hapa?" ataambiwa kweli tupu kwamba si kubwa, naye ataondoka ameridhika na jibu lisilomfaa kitu. Swali lenye maana ni maji yalifika wapi mwaka 1961, yalifika wapi 1997 na 1998, na yalifika wapi 2018, 2023 na 2024. Miaka hiyo kila mtu wa mtoni anaijua. Tena huijua kwa vitu: maji yalifika kwenye mwembe ule, yalipita kizingiti cha msikiti, watu walilala kwenye tuta la barabara.

Halafu nenda ukutani uone kama ukuta unakubaliana na watu. Anza chini. Katika nyumba ya fito na udongo, kandiko la usawa wa magoti lina habari nyingi kuliko paa zima. Ukiona mkanda wa udongo mpya umeizunguka nyumba kwa kimo kimoja, jiulize nini kimeula ukuta ule. Mvua hula upande unaopigwa na upepo, tena huula ovyo, hapa zaidi na pale kidogo. Maji yaliyotuama hula pande zote nne na kuacha mstari ulionyooka. Katika nyumba ya matofali, gonga plasta kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni kwenda juu. Mahali inapolia uwazi, plasta imekwisha kuachana na ukuta ingawa rangi bado inapendeza. Chumvi nyeupe inayochanua juu ya sakafu huonyesha kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini. Tazama miimo ya milango: je, kipande cha chini kimekatwa na kuungwa mbao nyingine? Bawaba ya chini imeliwa na kutu ilhali ya juu ni nzima? Soketi za umeme zimepandishwa mpaka usawa wa kifua? Mwenye nyumba hakuzipandisha kwa urembo. Ingia na stoo, sogeza kabati, kwa sababu brashi ya rangi haifiki huko. Kwenye nguzo za mikoko, chomeka ncha ya kisu pale nguzo inapoingia ardhini: mti mzima hukikataa kisu, mti uliokwisha kuliwa na mchwa hukipokea.

Rangi mpya si kosa. Watu waungwana huipaka nyumba wanayoiuza kwa heshima ya mgeni, na pengine kwa heshima ya nyumba yenyewe. Lakini rangi mpya iliyoishia kiunoni inataka maelezo. Vivyo hivyo nyumba iliyoinuliwa sakafu mara mbili, hadi mtu mrefu huinamisha kichwa chini ya mlango wake. Mimi nyumba kama hiyo siidharau. Inaonyesha mwenyewe aliyaona maji, akapima, akachukua hatua. Na mnunuzi akijua kimo cha maji ya 2018 na kimo cha sakafu ya sasa, ana hesabu mkononi ambayo hakuna dalali atakayempa. Toa kimoja katika kingine. Tofauti hiyo ndiyo anayoinunua.

Kutoka ndani, mkaguzi hutoka nje na kutembea, na matembezi haya ni nusu ya kazi. Ardhi ya delta haiko sawa hata pale jicho linapoona tambarare. Vijiji vingi vya Wapokomo, wakulima wa mtoni, vimekaa juu ya miinuko ya mchanga ambayo mto wenyewe uliijenga kandokando yake, na hatua chache tu nyuma yake kuna udongo mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Msingi mwembamba juu ya udongo huo utaleta nyufa za kukingama kila msimu, hata mafuriko yasipokuja. Miti husaidia kusoma. Mwembe mnene uliopandwa kwa mkono huonyesha kwamba watu walikaa hapo miaka mingi na mahali pakawakubali. Kichaka cha mathenge kilichosongamana mara nyingi huonyesha ardhi iliyoachwa. Onja maji ya kisima badala ya kuuliza kama yapo, maana kuna visima vya chumvi katika delta hii, na nyumba yenye kisima cha chumvi ni nyumba ya kununua maji maisha yote. Kitazame choo cha shimo kiko upande gani wa kisima. Halafu itazame barabara. Tuta la lami lililoinuliwa ni kimbilio wakati wa gharika, lakini pia ni ukuta: nyumba iliyo upande wa maji, mahali ambapo kalvati ni chache au zimezibwa na taka, itakaa ndani ya ziwa wakati majirani wa ng'ambo ya pili wanaanika nguo. Kwa hiyo ushahidi wa nyumba ya zamani husomwa pamoja na mabadiliko ya karibuni. Nyumba iliyosalimika 1997 kabla ya tuta kujengwa haina budi kukaguliwa upya.

Hapa patakuwa na mtu wa kusema: kwa nini taabu yote hii? Panapofika maji pasinunuliwe, basi. Shauri hilo huvutia kwa ufupi wake, na kwa mtu wa mji wenye vilima huenda likamtosha. Kwa Tana ni shauri la asiyejua mto. Maji hayo hayo yanayoingia ndani ya nyumba ndiyo yaletayo tope la rutuba, ndiyo yanayootesha mpunga, migomba na miembe, ndiyo yanayochipusha malisho ambayo wafugaji wa Waorma na Wawardei huyafuata wakati wa kiangazi. Delta yote, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, imeumbwa na mafuriko. Mkulima akihamia mbali kabisa na maji amehama shamba lake pia. Anachohitaji ni kujua maji huja mara ngapi, hukaa siku ngapi, na yeye atatokea wapi na watoto yakija usiku. Nyumba ya udongo inayolowa siku mbili kila baada ya miaka mingi na kukandikwa upya kwa kazi ya wiki moja inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko ya matofali inayosimama majini mwezi mzima. Mkaguzi mzuri humwonyesha mnunuzi anachokikubali, kisha humwachia uamuzi.

Waislamu wa pwani husema jirani kwanza, nyumba baadaye, na bonde hili limelipia gharama kubwa ukweli wa neno hilo. Agosti na Septemba 2012, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu mia moja, Riketa na Kilelengwani zikiwa miongoni mwa vijiji vilivyoteketea. Nyuma ya siasa kulikuwa na jambo ambalo mnunuzi anaweza kuliona kwa macho yake: malka, njia ambazo mifugo huzipitia kwenda kunywa mtoni. Nyumba iliyojengwa ndani ya malka, hata iwe na kuta imara namna gani, imejengwa kwenye koo ya mtu mwingine. Njia hizo huonekana: ardhi imekanyagwa ikawa unga, vichaka vimeliwa kwa kimo kimoja, samadi ya zamani imetapakaa pande zote. Kiangazi ukikuta uzio mpya umekata alama hizo, waulize wazee wa pande zote mbili, gasa ya Wapokomo na matadheda ya Waorma, kabla ya kutoa shilingi. Golbanti yenyewe ina funzo la zamani zaidi. Wamishonari wa Kimethodisti walifungua kituo hapo katika miaka ya 1880, mahali penye mto na penye watu ambao wao walitaka kuwahubiria. Mwaka 1886 mmishonari Houghton na mkewe wakauawa katika uvamizi wa Wamaasai. Mahali palikuwa na maji na rutuba, na bado hatari ilitoka mbali. Ujirani una mipaka mipana kuliko ua.

Kuna ushahidi mmoja ambao nyumba haiwezi kuutoa hata uigonge usiku kucha, nao ni haki ya kuiuza. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema wazi kwamba ile isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, nayo kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa haiwezi kutolewa bila idhini ya angalau theluthi mbili za wanajamii waliosajiliwa. Karatasi iliyopigwa muhuri wa mtu mmoja, basi, huenda ikawa ni karatasi tu. Na pale penye hati miliki, tafuta idhini ya mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamlinda. Usisahau miti: pwani hii mwembe au mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, na mwenye mwembe atakuja kuchuma.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya mthamini na mhandisi. Waitwe, ndiyo. Lakini mthamini hupima kuta na kuzilinganisha na bei za soko, na mhandisi akifika siku moja ya kiangazi huiona siku hiyo. Wengine watasema majirani hudanganya: mmoja anaiponda nyumba kwa sababu anaitaka yeye, mwingine anaisifu kwa sababu muuzaji ni shemeji yake. Kweli, na ndiyo maana haulizwi mtu mmoja. Muulize mchota maji, muulize mwenye mtumbwi, muulize mchungaji, kila mmoja peke yake, halafu upeleke maneno yao ukutani. Watu watatu wasio na shauri moja wakitaja mwembe uleule, na mstari wa kandiko ukalingana na mwembe huo, hapo umeshika jambo. Na anayesema nyumba itachukuliwa na mwingine ukichelewa, nitamjibu kwamba muuzaji mkweli hupoteza kidogo kwa kungoja wiki mbili, bali mnunuzi aliyekosea hupoteza akiba ya miaka.

Ufundi huu hauna chuo, na wanaoujua vizuri zaidi ni wazee walioyaona maji ya 1961, ambao sasa ni wachache. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Tana River, pamoja na shule, misikiti na makanisa ya kutoka Garsen hadi Golbanti, wachore kwenye kuta zao kimo cha maji ya kila mwaka mkubwa, tarehe ikiandikwa kando, wazee hao wangali wapo wa kuonyesha yalipofika. Nawe unayetaka kununua, usingoje alama hizo. Mtafute mzee mmoja kabla ya kumtafuta dalali, na safari yako ya pili iwe Mei au Novemba, mto ukiwa juu.