Waandishi Wasio na Kitabu: Je, Jina Tupu ni Fasihi?

Hoja iliyonisukuma kuandika makala haya haikuzuka darasani bali bwenini. Tulikuwa wanne, tumebanana mbele ya kompyuta ya mwenzetu, tukitazama Style Wars, filamu ya mwaka 1983 ya Tony Silver na Henry Chalfant kuhusu vijana waliokuwa wakipaka rangi treni za New York. Behewa moja likapita, limefunikwa rangi kutoka chini hadi juu. Tukapiga mluzi. Ndipo mmoja wetu, ambaye mtihani wa uhakiki alitupita sote, akauliza: "Sawa, nimeona. Ila ujumbe wake ni nini?" Nilifungua mdomo, nikaufumba. Behewa zima lilikuwa na neno moja tu, nalo ni jina la aliyeliandika.

Nitajaribu kumjibu hapa, japo nimechelewa. Na nianze na jambo ambalo wengi huliruka. Vijana wale hawakujiita wachoraji. Walijiita waandishi. Neno grafiti walibandikwa na magazeti na wakubwa wa jiji, na Phase 2, mmoja wa wakongwe wao aliyefariki mwaka 2019, alilikataa kwa miaka mingi akishikilia kwamba kazi yake ni uandishi. Sasa mtu akijiita mwandishi, sisi wa fasihi tuna haki gani ya kumsukumia idara ya sanaa za ufundi kabla ya kumsoma?

Historia yenyewe si ndefu. Philadelphia walitangulia, huko kijana aliyejiita Cornbread alikuwa akitapakaza jina lake mjini tangu miaka ya 1960 ikielekea ukingoni. New York, kijana aliyeandika JULIO 204 alijulikana mtaani kwake. Kisha akaja TAKI 183, na ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo, maana wahakiki humtaja kwa heshima kisha humpita haraka kana kwamba hana cha kuchambuliwa. Taki ni ufupisho wa jina lake la Kigiriki, Demetrius. 183 ni namba ya mtaa alikoishi, upande wa kaskazini wa Manhattan. Alikuwa tarishi wa kupeleka vifurushi, kazi iliyompitisha sehemu zote za jiji, na kila alikopita aliacha jina kwa kalamu ya wino mzito. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times likaandika habari zake, na baada ya hapo waigaji wakawa hawahesabiki.

Sasa tumwekee Taki ile mizani yetu ya fani na maudhui. Fani: herufi nne na tarakimu tatu, mwandiko wa kawaida kabisa. Maudhui: eti hakuna. Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu tunasoma jina moja kwenye ukuta mmoja, ilhali matini ya Taki haikuwa ukuta mmoja. Matini yake ni jiji zima. Namba ile ilikuwa anwani ya mtaa ambao wenye nazo hawakuwa na sababu ya kuutembelea. Ikishaandikwa kwenye stesheni za matajiri, inabadilika kuwa habari. Neno lilelile linasema mambo mawili tofauti kutegemea limeandikwa wapi. Na tukumbuke ni jiji gani: mwaka 1975 New York ilinusurika kufilisika, na huko Bronx majengo yaliungua mtaa hadi mtaa. Kijana wa kule kusema "nipo" ilikuwa dhamira ya kutosha. Msisitizo wake hakuutia kwa vivumishi. Aliutia kwa kurudia, mara elfu, mpaka jiji likauliza huyu ni nani.

Sisi utanzu huu tunaufahamu. Wahaya wana vivugo, na majigambo tumeyasoma tangu sekondari: mtu anasimama, anajitaja, anajisifu kwa majina aliyojichagulia. Lakini nisije nikavutwa mno na ulinganisho huu, maana una mahali unapokatika. Mwenye kivugo husimama mbele ya hadhira, uso wake unaonekana, na wanaomsikiliza wanajua kama anasema kweli au anatia chumvi. Mwandishi wa treni hujigamba akiwa amejificha. Jina linazunguka mjini mchana, mwenye jina yuko darasani amelala kwa uchovu wa usiku. Haya ni majigambo yasiyo na mjigambi, na sijui utanzu mwingine wa namna hii.

Baada ya mwaka 1972 fani ikaanza kuchemka. Wakatoka kwenye kalamu wakaingia kwenye rangi ya kopo, wakatoka ndani ya mabehewa wakapanda ubavuni. Super Kool 223 anakumbukwa kwa majina makubwa ya kwanza yaliyojazwa rangi. Phase 2 akaleta herufi zilizovimba kama mapovu, kisha zikaja zenye mishale, zenye kushikana na kupenyezana, mpaka ukafika mtindo waliouita wa pori, ambao abiria wa kawaida hakuweza kuusoma kabisa. Katika Style Wars yumo Kase 2, mwenye mkono mmoja, anayeeleza kwa furaha jinsi anavyozificha herufi zake zisisomeke kirahisi. Yumo pia kijana Skeme, anayebanwa nyumbani na mama yake kwa swali lilelile la mwenzetu wa bwenini: faida yake nini? Naye anajibu kwamba anawaandikia waandishi wenziwe. Wasioandika hawamo katika hesabu.

Jibu hili limenisumbua kuliko yote. Tumefundishwa kwamba kazi isiyoeleweka kwa umma ina walakini, na ushairi wetu umegombana miaka mingi kwa sababu hiyo. Skeme anatuambia waziwazi kwamba umma si hadhira yake, lakini ukurasa wake ni mali ya umma! Huo ni ukinzani, na mhakiki asiufunike kwa maneno matamu. Mzee mmoja angepanda treni alfajiri kwenda kibaruani, dirisha limepakwa rangi hata stesheni haioni, ramani ya njia nayo imechafuliwa kwa wino. Norman Mailer, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 na mpiga picha Jon Naar, aliwapandisha vijana hawa hadi mawinguni, na msomaji anabaki akijiuliza kama mzee wangu naye alipewa kiti.

Hata hivyo asije mtu akasema hawakuwa na vigezo. Katika stesheni ya mtaa wa 149 na Grand Concourse, huko Bronx, kulikuwa na benchi. Waandishi walikaa pale saa nyingi wakitazama treni za namba 2 na 5 zikipita, wakihukumu: herufi hii imesimama, hii imelegea, huyu amemwibia fulani. Kuiba mtindo wa mwenzio waliita kung'ata, na ilikuwa aibu kubwa. Asiyejua kazi waliita mwanasesere. Walibeba madaftari ya michoro, wakabadilishana, wakasahihishana. Jamani, tofauti ya benchi lile na semina zetu ni ipi? Labda ni hii tu: pale ukimng'ata mtu unajulikana siku hiyohiyo.

Na gharama yake haikuwa alama za mtihani. Septemba 1983 Michael Stewart, kijana Mweusi wa miaka 25, alikamatwa na polisi wa usafiri katika stesheni ya First Avenue akidaiwa kuandika ukutani. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, akafa siku 13 baadaye. Maofisa sita walishtakiwa, na mwaka 1985 wote wakaachiwa huru. Tunapobishana kama jina ukutani ni maandishi au uchafu, tujue kwamba ubishi huo umewahi kuwa na maiti.

Kuhusu majumba ya sanaa nitasema machache. Tangu mwaka 1973, walipoonyeshwa Razor Gallery, walikuwepo waliotaka jina lihamie kwenye turubai na liuzwe. Wengine walipata riziki, na siwaonei wivu. Lakini nyingi ya turubai hizo nilizoziona kwenye picha zimenipoa. Jina lililozaliwa likikimbia, ukilisimamisha sebuleni kwa tajiri, linabaki jina la mtu usiyemjua. Aliyefaulu, kwa maoni yangu, alikwenda kinyume: mwaka 1980 Fab 5 Freddy alipaka behewa zima makopo ya supu, akimjibu Andy Warhol. Hayo ndiyo majibizano ya matini, na yalipita juu ya reli bila kiingilio.

Kuna pia Lady Pink, aliyezaliwa Ecuador na kukulia Queens. Alianza mwaka 1979, na jina la kwanza aliloandika halikuwa lake. Lilikuwa la mpenzi wake aliyepelekwa Puerto Rico. Hapo nadharia yangu yote ya majigambo inayumba, maana jina lilelile, kwa mkono mwingine, limekuwa ombolezo.

Tarehe 12 Mei 1989 mamlaka ya usafiri ilitangaza kwamba behewa la mwisho lenye maandishi limeondolewa kwenye huduma. Kwa hiyo matini asilia hatunazo. Tulizo nazo ni picha, hasa za kitabu Subway Art cha mwaka 1984, cha Martha Cooper na huyo Chalfant. Na wawili hao hawakunakili kwa namna moja. Chalfant alisimama jukwaani akapiga picha kadhaa haraka treni ikiwa imetua, akaziunga, tukapata behewa lote safi bila jiji. Cooper aliisubiri treni ipite katikati ya majengo ya Bronx, tukapata jiji lote na behewa dogo. Vijana wa Ulaya waliojifunza uandishi huu kutoka kitabuni walijifunza sana kwa Chalfant, ndiyo maana nawashuku kwamba walirithi herufi wakaiacha 183. Wanaokusanya ngano zetu vijijini wanaijua hasara hii: kinasa sauti huchukua maneno kikaacha moto, watoto na mbwa wanaobweka.

Rasimu ya makala haya nilimsomea mwenzangu yule. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Basi na jina langu pale mlangoni ni fasihi." Nikamjibu kwamba herufi zake zimelegea, na tena liko kwenye mlango mmoja tu.