Kete Moja kwa Mbili: Hesabu ya Houston Usiku wa Drafti

Ukitaja drafti kwenye kijiwe chochote cha Dar es Salaam, watu watatafuta ubao na vizibo vya soda. Na mcheza drafti wa kijiweni anajua jambo moja kabla ya mengine yote: kete inayolishwa haijapotea. Unamsogezea mwenzako kete, sheria inamlazimisha aile, na akishairuka amekufungulia njia ya kula mbili. Wageni hucheka kete ilipoliwa. Wazoefu hunyamaza wakisubiri zamu inayofuata.

Drafti ya besiboli ya Marekani haina ubao. Ni siku ambayo klabu 30 za Ligi Kuu huchagua vijana wa sekondari na vyuo kwa zamu, na kwa miaka mingi aliyeshika mkia ndiye aliyetangulia kuchagua. Ilianza mwaka 1965, na wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Rick Monday. Lakini usiku wa Juni 4, 2012, Houston Astros waliicheza kama wazee wa kijiweni, na mimi nilikuwa miongoni mwa wageni waliocheka.

Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa nane usiku. Astros walikuwa wametoka kupoteza mechi 106 msimu wa 2011, na faraja pekee ya msimu wa namna hiyo ni chaguo la kwanza. Majina mawili yalikuwa midomoni mwa kila shabiki: Byron Buxton, kijana wa Georgia mwenye mbio za swala, na Mark Appel, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford. Likatajwa jina la tatu. Carlos Correa, miaka 17, kutoka Puerto Rico, mlinzi wa eneo kati ya besi ya pili na ya tatu. Nilizima simu nikalala, nimeshahukumu kwamba meneja mpya, Jeff Luhnow, amechezea shilingi chooni.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilisoma jina, sikusoma bei.

Sheria ilivyobadilika

Hadi mwaka 2011 ligi ilikuwa ikipendekeza dau la usajili kwa kila nafasi, na klabu yenye fedha au ujasiri ilipuuza. Mwaka huohuo Pittsburgh walimpa Josh Bell dola milioni 5 ingawa walimchagua raundi ya 2, kwa kuwa alikuwa ametangaza wazi kwamba anakwenda chuo. Wamiliki wa klabu hawakupenda mwenendo huo. Katika mkataba mpya wa hali bora na chama cha wachezaji, ulioanza kutumika kwenye drafti ya 2012, wakaweka kufuli.

Kufuli lenyewe lilifanya kazi hivi. Kila chaguo katika raundi 10 za mwanzo lilipewa bei elekezi. Jumla ya bei za machaguo yote ya klabu ndiyo kapu lake la mwaka. Ukizidisha kapu kwa hadi asilimia 5, unatozwa kodi ya asilimia 75 ya ulichozidisha. Ukivuka asilimia 5, unapoteza pia chaguo lako la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata, na kadiri unavyozidi kuvuka ndivyo adhabu inavyokuwa nzito. Tena mchezaji wa raundi hizo akikataa kusaini, bei yake inatoka kapuni. Huwezi kuichukua ukampa mwingine.

Wengi wetu tulisoma sheria hiyo tukaona ukuta. Luhnow na wenzake waliona kwamba ukuta una mlango: kinachobanwa ni kapu, mchezaji mmoja mmoja habanwi. Ukimsainisha mmoja chini ya bei elekezi yake, kinachobaki ni chako, kipeleke utakako.

Kapu la Houston mwaka huo lilikuwa kama dola milioni 11.18. Kati ya hizo, milioni 7.2 zilitokana na chaguo la kwanza peke yake. Mwenye chaguo la kwanza alikuwa na haki ya kumwita kijana anayemtaka na, juu ya hapo, alikuwa ameshika karibu theluthi mbili ya fedha zake zote kwenye kiganja kimoja.

Hesabu yenyewe

Correa alisaini kwa dola milioni 4.8. Toa hiyo kwenye milioni 7.2, imebaki milioni 2.4.

Sasa nenda chaguo la 41. Houston walimwita Lance McCullers Jr., mrushaji wa sekondari moja ya Tampa aliyekuwa ameahidi kwenda Chuo Kikuu cha Florida. Kwa kipaji chake hakupaswa kufika huko. Aliteremka kwa sababu klabu za juu zilijua bei ya kumtoa njiani kuelekea chuoni, na kapu zao hazikuwa na nafasi. Bei elekezi ya chaguo hilo ilikuwa kama milioni 1.26. Houston walimlipa milioni 2.5, yaani milioni 1.24 zaidi.

Raundi ya 4 wakamchukua Rio Ruiz, mpigaji wa sekondari ya California. Bei elekezi ilikuwa kama dola 360,000, naye akapata milioni 1.85. Nyongeza hapo ni milioni 1.49.

Jumlisha nyongeza mbili: milioni 2.73. Linganisha na milioni 2.4 zilizobanwa kwa Correa. Pengo ni kama dola 330,000, na pengo la ukubwa huo huzibika kwa kubana machaguo mengine, au kwa ile asilimia 5 inayotozwa kodi tu, ambayo kwa kapu la Houston ilikuwa zaidi ya nusu milioni. Kete moja imelishwa, mbili zimeliwa.

Kwa nini Correa akubali? Jiweke kwenye viatu vya wakala wake. Kama Houston wangempita, wa pili kuchagua walikuwa Minnesota, ambao walimchukua Buxton na kumpa milioni 6. Baada ya hapo bei zilikuwa zinashuka ngazi kwa ngazi. Milioni 4.8 za uhakika, pamoja na heshima ya kuwa mtoto wa kwanza kutoka Puerto Rico kuitwa namba moja, hazikuwa dharau. Houston nao hawakuwa wanampunja kijana wasiyemtaka. Walimtaka. Hilo ndilo watu husahau wanapojaribu kuiga: ukimchagua mtu kwa kuwa ni rahisi tu, utakuwa umelisha kete bila kula chochote.

Appel anaonyesha upande wa pili wa sarafu. Aliporomoka hadi chaguo la 8, Pittsburgh wakamwekea mezani milioni 3.8, akakataa, akarudi Stanford. Mwaka uliofuata Houston haohao walimwita namba moja na kumpa milioni 6.35. Kris Bryant, waliyempita, akaenda Chicago Cubs kama chaguo la pili na baadaye akawa bingwa nao. Appel aliacha mchezo mwaka 2018, akarudi, na ilipofika Juni 2022 ndipo alipokanyaga kilima cha Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, akiwa na Philadelphia. Hesabu nzuri haiponyi jicho lililokosea, na Houston walionja yote mawili ndani ya miezi 12.

Mipaka ya drafti

Msomaji wa Kampala anaweza kuuliza kama kijana wa huko angeweza kuitwa usiku ule. Hapana. Drafti ni ya wakazi wa Marekani, Canada na Puerto Rico. Laiti Correa angezaliwa na kukulia ng'ambo ya mkondo wa bahari, Jamhuri ya Dominika, angesaini na klabu yoyote akiwa na miaka 16 bila kupangwa foleni. Waganda wanapita mlango huohuo wa Wadominika: Ben Serunkuma na Umar Male walisaini moja kwa moja na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Foleni, kapu na bei elekezi za drafti haviwahusu. Wana mfumo wao, nao una mitego yake.

Mavuno

Correa alikuwa mchezaji bora chipukizi wa American League, nusu moja ya Ligi Kuu, mwaka 2015. Ruiz hakuwahi kuichezea Houston kwenye Ligi Kuu, lakini Januari 2015 aliingizwa kwenye mabadilishano yaliyomleta Evan Gattis kutoka Atlanta, na Gattis alikuwemo kwenye kikosi cha 2017. Kwa hiyo hata kete ya tatu ilizaa.

McCullers ndiye aliyenifanya niyameze maneno yangu. Oktoba 21, 2017, mechi ya 7 ya fainali ya American League dhidi ya New York Yankees, aliingia kuanzia ingizo la 6, asitoke hadi mwisho. Mipira yake 24 ya mwisho yote ilikuwa ya kupinda. Ishirini na minne, mfululizo! Mpigaji anajua kinachokuja, mdakaji anajua, uwanja mzima unajua. Mpira unatoka mkononi ukielekea kifuani, mpigaji anasubiri uvunjike, unavunjika chini kuliko alivyokadiria, fimbo inapita hewani. Houston 4, Yankees 0. Siku kumi na moja baadaye, Los Angeles, wakachukua ubingwa wao wa kwanza wa World Series.

Ubingwa huo una doa, na mchambuzi anayeliruka anadanganya. Uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba Houston waliiba ishara za wadakaji kwa kutumia kamera mwaka 2017. Januari 2020 Luhnow na kocha A.J. Hinch walifungiwa mwaka mmoja, na klabu ikawafukuza siku hiyohiyo. Faini ilikuwa dola milioni 5. Lakini tazama adhabu iliyouma zaidi: machaguo ya raundi ya 1 na ya 2 ya miaka 2020 na 2021 yalifutwa. Ligi iliwagonga palepale walipojengea nyumba.

Kamba ilipokatika

Mbinu hii ina udhaifu mmoja, na waliougundua kwa gharama ni hao hao waliobobea. Mwaka 2014 Houston walimwita Brady Aiken, mrushaji wa sekondari ya San Diego. Bei elekezi ilikuwa milioni 7.92, makubaliano yakawa milioni 6.5. Akiba ile ndiyo ingempa Jacob Nix, wa raundi ya 5, dola milioni 1.5.

Vikaja vipimo vya afya. Madaktari wa klabu wakatilia shaka kiwiko cha Aiken, klabu ikashusha ofa, upande wa kijana ukakataa, na muda wa kusaini ukaisha. Kumbuka sheria: asiposaini, bei yake inatoka kapuni. Milioni 7.92 zikayeyuka, na pamoja nazo fedha za Nix, ambaye kiwiko chake hakikuwa na kesi yoyote. Ofa ya mdomo aliyoikubali haikuwa na pa kulipiwa, la sivyo klabu ingepoteza machaguo ya mbele. Vijana wawili walirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kiwiko cha mmoja.

Machi iliyofuata kano ya kiwiko cha Aiken ilikatika. Houston walipewa chaguo la 2 la mwaka 2015 kama fidia, wakamchukua Alex Bregman. Mashabiki wa Houston husema mambo yaliisha vizuri. Kwao, ndiyo. Mkataba wa hali bora wa 2022 ukaongeza kinga: kijana anayekubali kupimwa kabla ya drafti huhakikishiwa ofa ya angalau asilimia 75 ya bei elekezi. Sidhani sheria hiyo ingeandikwa bila majira yale ya joto ya 2014.

Mchezo uleule, ubao mwingine

Siku hizi aliyeshika mkia hana uhakika tena wa kutangulia. Tangu drafti ya 2023 nafasi 6 za juu hupangwa kwa bahati nasibu, na klabu haziruhusiwi kuvuna mkia miaka yote. Chicago White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024 na bado walichagua wa 10 mwaka 2025.

Chaguo la kwanza la 2025 liliangukia Washington Nationals, waliokuwa wamemfukuza meneja wao wiki moja kabla. Ilikuwa saa saba na kitu usiku kwetu, wakamwita Eli Willits, miaka 17, wa sekondari moja ya Oklahoma, mlinzi wa eneo lilelile la Correa. Wengi walitarajia jina jingine, na safari hii sikulala. Bei elekezi ilikuwa kama milioni 11.08. Willits alisaini kwa milioni 8.2, wakati Ethan Holliday, wa chaguo la 4, akipewa milioni 9 na Colorado. Washington walibakiza karibu milioni 2.9, kisha Landon Harmon wa raundi ya 3 na Coy James wa raundi ya 5 wakapata milioni 2.5 kila mmoja. Raundi ya 5 kwa bei ya McCullers.

Kama Willits atakuwa Correa au atakuwa Appel, mimi sijui, na anayekuambia anajua anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ninachoweza kukupa ni namna ya kusoma. Julai ijayo jina la kwanza likitajwa, usishangilie wala usizomee. Shika kalamu, andika bei elekezi pembeni, acha nafasi. Subiri dau. Toa. Kisha shuka raundi ya 3, ya 4, ya 5, utafute kijana anayelipwa kuliko nafasi yake. Ukimkosa, klabu yako imeliwa kete bure. Ukimpata, basi kaa kimya kama wazee wa kijiweni.