Mufwankolo na Kiswahili Chetu

Kuna mchekeshaji anayeiga lafudhi ya mwingine, na kuna anayechekesha akisema lugha ya kwao. Odilon Kyembe Kaswili, ambaye Lubumbashi ilimjua kwa jina la Mufwankolo, ni huyo wa pili. Tofauti hiyo inatuhusu sana sisi Wakongo wa hapa Kyambogo.

Kazi yake ilitoka jukwaani ikafika redioni na kwenye televisheni, na kundi lake likabeba jina lake. Walicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha "batu" na "njo", kilichokomaa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière na kuchanganyika na Kifaransa. Hawakukariri maneno yaliyoandikwa. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, halafu kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Ukimwandikia mtu maneno, yatanyooshwa. Ukimwachia mdomo wake, anasema kama mama yake.

Chukua mchezo wao wa 1986, Le pouvoir se mange entier. Mtafiti Johannes Fabian alikaribishwa chakula akapewa firigisi ya kuku, akaambiwa aile nzima, asigawe: ndivyo madaraka yanavyoliwa. Akaenda kuwauliza kina Mufwankolo maana ya msemo huo. Wao, badala ya kumjibu kwa maelezo tu, wakautungia mchezo, na televisheni ikaurekodi.

Fikiria mwaka wenyewe. Mobutu alikuwa ametawala zaidi ya miaka 20, na kamera ilikuwa ya serikali. Mchezo unaongea habari za chifu na kijiji chake, basi. Lakini mtazamaji wa Lubumbashi hakuhitaji kutafsiriwa. Hapo hapo nina shaka moja: msemo wenyewe hata mtawala angeweza kuupigia makofi. Kama madaraka hayagawanywi, si ndivyo alivyotaka yeye? Mchezo unacheza pembeni ya hatari, na mlango wa kutokea umeachwa wazi. Siwalaumu, wao walipaswa kulala Lubumbashi usiku ule.

Kinachonivutia zaidi ni lugha. Kwenye michezo yao chifu na raia wake, mkubwa na mdogo, wote wanasema Kiswahili kile kile. Kwa hiyo huwezi kumcheka mtu kwa ulimi wake. Kicheko kinabidi kiende kwenye matendo: uroho, uongo, kiburi.

Sasa linganisha na vichekesho ambamo Mkongo ni mmoja tu, na kila akifungua mdomo ukumbi unaangua kicheko kabla hajasema neno la maana. Jamani, pale hakuna mhusika, kuna lafudhi iliyovalishwa suruali! Na hapa Kampala Kiswahili kina mzigo wake: wapo wanaokikumbuka kama lugha ya wanajeshi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri. Watoto wetu wajifunze sanifu, itawasaidia kazini. Ila wasirudi nyumbani wakimwona bibi hajui kusema.

Fabian alichapa mchezo ule katika kitabu chake Power and Performance, 1990, Kiswahili chao kikiwa kama walivyokisema, na tafsiri ya Kiingereza kando. Kumbe kile tunachoambiwa ni kibovu kimekaa kwenye maktaba za vyuo vikuu, watu wanakisoma kwa makini!

Ninyi vijana mnaorekodi vichekesho kwa simu hapa mtaani, jaribuni njia ya Mufwankolo. Mwenye nyumba, pasta, bosi na mkimbizi, wote waongee kama sisi. Halafu tuone nani kati yao anachekesha kweli, na kwa sababu gani.